Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusafiri Kupitia Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere

Anza na pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe imebakiza angalau miezi 6 kabla ya kwisha muda wake. Chanjo ya homa ya manjano, ikiwa uendako inatakiwa, isingojee wiki ya safari, maana cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Toka nyumbani mapema: daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza foleni ya Barabara ya Nyerere, lakini halijaimaliza.

Jambo ninalokusihi usilipite harakaharaka ni kujua ndege yako inatua na kuruka katika jengo lipi. Jengo la Pili la Abiria, lililoanza kazi mwaka 1984, lilibeba safari za ndani na za nje kwa miaka mingi hadi likaelemewa, ndipo Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, likachukua safari za kimataifa. Nafasi imeongezeka na huduma zimeboreka sana, ila majengo hayo mawili yako mbalimbali, na kuhama moja kwenda jingine ni kutoka nje na kuanza ukaguzi upya.

Hilo nililijua kwa gharama. Nilitokea Mwanza, nikiwa na saa mbili na nusu kabla ya ndege ya kwenda ng'ambo, kila safari na tiketi yake. Aliyeniuzia tiketi alinihakikishia kwamba muda unatosha, nami nikaamini kuwa sanduku langu litapelekwa moja kwa moja. Ndege ilichelewa dakika 40. Katika Jengo la Pili nikaliona sanduku langu likizunguka kwenye mkanda, nikalibeba, nikatafuta teksi, nikapanga foleni ya ukaguzi mlangoni mwa Jengo la Tatu, na nilipofika kaunta nikaambiwa wameshafunga. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti, hakuna shirika lililowajibika, nikalazimika kununua nyingine. Usiku ule nilikesha kitini jirani na mama mwenye mtoto mchanga aliyepatwa na yaleyale, na maziwa ya mtoto yalikuwa yamemwishia.

Kwa hiyo uliza kabla hujalipa: je, ni tiketi moja hadi mwisho? Unapokabidhi sanduku, soma lebo yake; ikiandikwa DAR, utalichukua Dar es Salaam mwenyewe. Kama tiketi ni mbili, acha saa 5 katikati, au lala mjini. Dawa, chakula cha mtoto na chaja viwe kwenye mkoba wa mkononi. Namba muhimu ziandike pia kwenye karatasi, simu huzimika. Na mzigo wa mtu usiyemfahamu usiupokee, hata akikubembeleza vipi.