Jinsi ya Kutengeneza Komedi Kuhusu Sonona Bila Kumcheka Mgonjwa

Komedi inayogusa ugonjwa wa akili huharibika mapema, pale mwandishi anapoigeuza dalili kuwa kichekesho. Mtu anayenawa mikono mara 40 huchekesha kwa sekunde chache, kisha mtazamaji hana tena cha kumfuatilia. Kabla ya kuandika onyesho lolote, kamilisha sentensi hii: "Mtu huyu anataka…, na ugonjwa unamkwamisha kwa…" Kama nafasi ya kwanza iko tupu, bado huna mhusika.

Dalili zenyewe zijue vizuri. Sonona si huzuni ya siku moja: madaktari hutazama dalili zilizodumu walau wiki 2, kama kutofurahia tena mambo aliyoyapenda, usingizi kuvurugika, uchovu na akili kutotulia. Mwenye sonona anaweza kucheka, hata kuwavunja wenzake mbavu, na hilo ni hazina kubwa kwa komedi. Skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, si kuwa na nafsi mbili. Anayesukumwa na mawazo kunawa mikono hafurahii usafi; ananawa ili hofu ishuke, nayo hurudi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tafuta wasomaji 3 walioishi na hali unayoiandika, na mtaalamu mmoja wa afya ya akili. Walipe. Wapelekee mswada ukiwa bado unabadilika, maana wiki ya kurekodi hakuna atakayekubali kuufumua. Usiwaulize kama "uko sawa," watakujibu kwa adabu tu. Waulize ni mstari gani ungewafanya wazime televisheni.

Sasa shika kalamu mbili za rangi tofauti, na kando ya kila utani andika nani anachekwa. Nyekundu ni pale mgonjwa anapochekwa kwa sababu ya dalili yake. Bluu ni pale kinachochekwa ni mambo yanayomzunguka: ndugu anayeshauri "jikaze tu," au fomu ya kurasa 6 anayopewa mtu aliyeshindwa hata kuamka. Utani mwekundu usiufute haraka, jaribu kuuhamisha kwanza. Tuseme mhusika hajaoga siku 4. Wageni wakiziba pua, anayechekwa ni yeye. Lakini wageni wakijitahidi kujifanya hawasikii harufu, kila mmoja akibuni kisingizio cha kusogea dirishani, hadi mwenyewe aseme, "Fungueni tu, hata mimi naisikia," ukumbi utacheka zaidi, na mwenye kauli ni yeye.

Ukiandika maumivu yako mwenyewe, jipime kwanza. Msimulie mtu unayemwamini tukio hilo kwa sauti, mara 3, siku tofauti. Kama kila ukilisimulia, usiku wake hulali, liweke kando na uandike jingine. Katika uhariri utalitazama tena na tena kwa wiki nyingi, na hapo hakuna pa kulikwepa.

Kuhusu kujiua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watengenezaji filamu, uliotolewa mwaka 2019, unahimiza kutoonyesha njia iliyotumika. Utani unaotaja njia nao uondoke, hata kama ndio unaochekesha kuliko yote.

Wakati wa kurekodi, hatari inayosahaulika ni onyesho la shambulio la hofu, yaani hofu kali inayomvamia mtu ghafla. Mwigizaji anayehema haraka kwa kuigiza hupoteza kabonidioksidi kwelikweli: hupata kizunguzungu na ganzi vidoleni, na mwili unaweza kuingia katika hofu halisi. Kila rekodi ya kuhema isizidi sekunde 20, apumzike dakika 2 au zaidi, na sauti ya pumzi irekodiwe kando, akiwa ameketi. Wape watu wote walau saa 11 za mapumziko kati ya siku na siku. Waliochoka huumizana kwa maneno.

Kazi kubwa iko kwenye uhariri. Ukikata mara tu utani unapoisha, mtazamaji hucheka na kusahau. Uache uso wa mhusika fremu (picha moja moja za filamu) 24 hadi 36 zaidi, yaani sekunde 1 hadi 1.5 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, ili kicheko kikipungua mtazamaji awe bado anamwona. Ondoa muziki wa kuchekesha chini ya dalili, kwa kuwa unaelekeza kicheko kwa mgonjwa. Kisha waonyeshe watu 15 wasio marafiki zako, rekodi sauti ya chumba na uilaze sambamba na filamu kwenye programu ya uhariri. Wakicheka mahali pasipofaa, kagua kwanza onyesho lililotangulia: mara nyingi walikuwa hawajaambiwa mhusika anataka nini.

Ukiweka namba ya msaada mwishoni, ipige mwenyewe kwanza, mchana na usiku wa manane, uhakikishe inapokelewa. Iache kwenye skrini sekunde 8 au zaidi, kabla ya majina ya walioshiriki kuanza kupita.