Somo: Kuovakloki kadi ya grafiki ya laptopu bila kuiunguza

Wakuu, heshima mbele. Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno: "Laptopu yangu ina GTX 1650, gemu dakika kumi za kwanza inateleza, halafu inaanza kukwama. Nifanyeje?" Leo naliandika lote nipumzike, na maswali mliyonitumia nimeyaweka chini.

Kuovakloki ni kuifanya kadi ikimbie zaidi ya mwendo iliopangiwa kiwandani. Kwenye kompyuta ya mezani unasukuma namba tu, nafasi ya kupumua ipo. Kwenye laptopu kinachoibana kadi ni joto na wati. GTX 1650 ya laptopu imepangiwa wati 50 hivi, na kikomo hicho kimefungwa ndani ya BIOS (programu ya msingi) ya kadi yenyewe. Ukikuta Power Limit (kikomo cha wati) kwenye MSI Afterburner, programu ya kupimia na kurekebisha kadi, imefifia na haisogei, usihangaike, laptopu nyingi ndivyo zilivyo. Kumwongezea MHz (kipimo cha mwendo wa kadi) mgonjwa wa joto ni sawa na kukanyaga mafuta wakati rejeta imeziba.

Kwa hiyo tunaanza na bisibisi. Programu baadaye.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Pakua MSI Afterburner kutoka tovuti ya wenyewe. Tovuti feki zenye jina hilo zimewahi kusambaza virusi, kwa hiyo usibonyeze tu tangazo la kwanza unaloliona. Inakuja pamoja na RivaTuner, ambayo ndiyo inayoandika namba pembeni ya skrini unapocheza. Washa joto la kadi, mwendo wa kiini (sehemu ya kadi inayopiga hesabu), mwendo wa memori, wati na idadi ya fremu (picha kwa sekunde).

Chomeka chaja. Kwa betri kadi hujibana yenyewe na utapima uongo. Cheza gemu unayoijua vizuri kwa dakika 20 kamili, kwa sababu joto la laptopu hupanda polepole. GTA V inafaa sana hapa, ina kipimo chake ndani ya mpangilio wa picha, hivyo unarudia safari ileile kila mara. Andika namba kwenye karatasi.

Karatasi yangu ya kwanza ilisomeka hivi: dakika ya 2, nyuzi 71, 1,695 MHz. Dakika ya 14, nyuzi 87, 1,395 MHz. Ziangalieni vizuri. MHz 300 zilishapotea kabla sijagusa chochote. Mtu anayehangaika kutafuta MHz 100 za ziada wakati 300 za kwake zinavuja, huyo anachota maji kwa pakacha.

Hatua ya 2: Vumbi na pesti

Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kabla ya lolote chomoa waya wa betri kwenye bodi. Ukiiona feni haina vumbi usidanganyike. Vumbi baya linakaa kati ya feni na mapezi ya shaba, pale upepo unapotokea. Nilipotoa skrubu tatu za feni nikakuta kitu kama kipande cha sufi kimelala kwenye mapezi, kijivu, kizito, nikakivuta kwa kibano kikatoka kizimakizima. Hilo blanketi ndilo lililokuwa likinila fremu zangu miaka miwili. Ukipuliza kwa bomba la upepo, ishike feni kwa kidole isizunguke, maana ikizunguka kwa nguvu inaumia.

Kisha fungua bomba la shaba lililokaa juu ya chipu. Pesti (dawa laini inayopitisha joto kutoka chipu kwenda kwenye bomba hilo) ya zamani ikiwa imekauka kama dawa ya meno iliyosahaulika bila kifuniko, ifute kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Chipu ya laptopu iko uchi, haina kofia ya chuma kama prosesa ya mezani, kwa hiyo pesti ifunike uso wote kwa tabaka jembamba. Skrubu za bomba la shaba zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Fuata namba hizo, kidogokidogo kwa kuzungukia, usikaze moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine.

Zile pedi laini zilizo juu ya chipu za memori ziacheni. Fundi mmoja aliwahi kunirudishia mashine pedi kazitupa na badala yake kapaka pesti. Pesti haiwezi kuziba nafasi iliyokuwa imejazwa na pedi. Mashine ilikuwa ikizima kila baada ya nusu saa na akanibishia kwamba tatizo ni Windows.

Kazi hii peke yake ilinishusha kutoka nyuzi 87 hadi 79. Ukiishia hapa tayari umefaidi kuliko wengi wanaosogeza namba.

Hatua ya 3: Punguza volti

Hapa ndipo penye utamu, na watu huparuka. Kiwanda hakiwezi kuijaribu kila kadi kwa undani, kwa hiyo zote hupewa volti za kutosha hata iliyo dhaifu kuliko zote. Kadi yako huenda ikakimbia mwendo uleule kwa volti chache zaidi. Volti zikishuka, wati zinashuka, joto linashuka, na kadi inapata nafasi ya kushikilia mwendo wake bila kujibana.

Fanya hivi. Kwenye Afterburner shusha Core Clock (mwendo wa kiini) kwa 200, bonyeza alama ya kukubali. Kisha bonyeza Ctrl na F kwa pamoja, utafunguka mchoro wenye vidoti vingi: chini ni volti, pembeni ni MHz. Tafuta kidoti cha milivolti 800, kivute juu mpaka mwendo ule kadi yako iliokuwa ikiushikilia ikiwa na nafuu. Kwangu ilikuwa 1,650 MHz. Kubali tena. Vidoti vyote vya kulia vitajilaza mstari mmoja, yaani umeiambia kadi: usivuke hapa.

Cheza saa nzima. Ikiganda, panda hadi milivolti 825 ujaribu tena. Ikitulia, unaweza kushuka hadi 775. Mimi niliganda 775, nikarudi 800, na karatasi ikasoma nyuzi 74 na 1,650 MHz kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 4: Sasa pandisha

Kiini kwanza. Kivute kidoti kilekile juu kwa MHz 15 au 30, kubali, pima dakika 15, rudia. Ikizidi, utaona gemu inatoka yenyewe, au skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inarudi. Windows huisubiri kadi sekunde 2, isipojibu inaiwasha draiva (programu inayoiendesha kadi) upya. Hakuna kilichoungua. Rudi nyuma hatua mbili, siyo moja.

Memori ndiyo inayolipa zaidi kwenye kadi ndogo. Sogeza Memory Clock, panda kwa 100, 100. Dalili za kuzidisha ni vidoti vya rangi, pembetatu zinazoruka, vivuli vinavyometameta. Kuna dalili nyingine ya kimyakimya: memori hizi hugundua data iliyoharibika na kuituma upya, kwa hiyo unaweza kupandisha namba, picha ikawa safi kabisa, na fremu zikapungua. Ndiyo maana nimesema karatasi. Mimi +400 ilinipa fremu nyingi kuliko +600.

Msitumie FurMark, programu ya kuitesa kadi, kwenye laptopu. Inaichemsha kadi kuliko gemu yoyote na haikwambii kitu chenye faida. Programu za kupimia kama Unigine Heaven au Superposition zinatosha.

Hatua ya 5: Hifadhi, lakini usiwe na haraka

Hifadhi mpangilio kwenye namba 1 kati ya zile tano. Kile kitufe cha kuuwasha kila Windows inapoanza usikiguse wiki nzima. Ukikiwasha mapema na mpangilio ukawa mbovu, mashine itaganda kila ikiwaka na utalazimika kuingilia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) kwenda kuufuta.

Matokeo yangu: kipimo cha GTA V kimetoka fremu 61 hadi 72. Sehemu kubwa ya hizo 11 imeletwa na kibano na volti.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina HP EliteBook 840 G3, grafiki ni ya Intel. Nikifuata somo hili PES itaacha kukwama?*

Marahaba mdogo wangu. Hatua ya 2 ifuate, nyingine ziache, Afterburner haina cha kukufanyia kwenye grafiki hiyo. Wewe angalia RAM. Grafiki ya Intel haina memori yake, inaazima ya mashine. Kama una kijiti kimoja cha GB 8, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Mashine hiyo ina nafasi mbili, na vijiti viwili hufanya kazi kwa pamoja kama barabara ya njia mbili. Ni nafuu kuliko kununua laptopu nyingine.

*Mkuu, yangu inazima ghafla, haigandi wala haitoi ujumbe. Joto ni 70 tu. Nimeinunua mtumba.*

Angalia maandishi nyuma ya chaja. Laptopu za gemu za mtumba mara nyingi huuzwa na chaja yoyote inayoingia tundu. Kama mashine inataka wati 135 na umepewa ya 90, ukibana kadi na prosesa kwa pamoja chaja inashindwa. Rudisha mpangilio wote kuwa wa kawaida mpaka upate chaja sahihi.

*Kaka, hapa Unguja chumba chenyewe kina joto, AC sina. Ninunue zile pedi za feni za kuwekea laptopu juu yake?*

Jaribu kwanza vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma. Laptopu inavuta hewa kwa tumbo, na juu ya kitanda au kitambaa haipati kitu. Nimepata nyuzi 3 kwa vizibo. Pedi ya feni inasaidia, lakini ile ya bei ndogo ni kelele zaidi kuliko upepo. Na pimia usiku na mchana, maana mpangilio uliotulia saa nne usiku unaweza kuganda saa nane mchana.

*Naomba kurekebisha kidogo. Umesema panda memori kwa 100, lakini programu zinaonyesha namba tofauti, wasomaji watachanganyikiwa.*

Sahihi kabisa, asante dada. Kwa GTX 1650 yenye memori ya aina ya GDDR5, GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) inaonyesha MHz 2,001, Afterburner inaonyesha 4,001, na tangazo la duka linasema 8,000. Kitu ni kimoja, hesabu ndizo tofauti. Namba zangu zote ni za Afterburner.

*NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, wanaweza kutufungia hii kitu kwa draiva mpya?*

Walishafanya. Mwanzoni mwa 2015 draiva mpya ilizima ovakloki kwenye kadi za laptopu za mfululizo wa 900M. Wateja wakapiga kelele, na muda si mrefu wakairudisha. Mimi huwa nabaki na faili la draiva ninayojua inafanya kazi.

*Na prosesa ya Intel naweza kuipunguzia volti hivihivi?*

Zamani ndiyo. Mwishoni mwa 2019 watafiti walitangaza udhaifu wa kiusalama uitwao Plundervolt, na watengenezaji wengi wakaifunga njia hiyo kupitia BIOS. Ukifungua ThrottleStop, programu ya kurekebisha prosesa, ukakuta sehemu ya volti imefungwa, sababu ni hiyo.

*Mkuu, ni yule wa mtumba. Chaja iliandikwa 65W.*

Basi umepata jibu lako. Usiiwashie gemu tena mpaka ubadilishe, na ukienda kununua nyingine beba mashine yenyewe, usibebe picha ya tundu.