Utangulizi wa tamthilia ya watoto uanze na wimbo
Unapotengeneza utangulizi wa tamthilia ya watoto, tunga wimbo kwanza, kisha uhariri picha zifuate mapigo yake, kwa kuwa mtoto aliye chumba cha pili huitwa na sauti kabla hajaiona skrini. Sekunde 30 zinatosha kabisa kumwonyesha kila mhusika akifanya jambo linalomtambulisha: yule mdadisi anachungulia chini ya kitanda, na mdogo wake anaburuta kiatu kisicho chake. Jina la kipindi liandikwe kwa herufi nene, zenye rangi zilezile zitakazotumika kwenye mabango, nalo likae kwenye skrini angalau sekunde 3, maana watazamaji wengi ndio kwanza wanajifunza kusoma. Litazame pia kwenye simu ndogo, kwani herufi zenye madoido mengi hupotea hapo.