Jinsi ya kufuatilia asili ya neno "orange" bila kupotea njiani

Neno la Kiingereza "orange" lina sura tatu: tunda, rangi na jina la mahali. Anayelichimba bila kuzitenga sura hizo huishia kumfanya mji wa Ufaransa kuwa ndugu wa mti wa Asia. Basi kabla ya kufungua kamusi, gawa karatasi yako safu tatu, na kila unachokipata kiingie kwenye safu yake. Tunda na rangi ni mzazi na mtoto. Jina la mahali ni ukoo mwingine kabisa, uliokuja kufanana nao ukubwani.

Anza na tunda, urudi nyuma hatua moja moja

Kwa kila hatua andika mambo matatu: lugha, umbo la neno, na maana yake wakati huo. Usiruke hatua hata kama unajua mwisho wake. Mnyororo unatoka hivi: Kiingereza kililipokea neno katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, "orenge", ambalo lilitumika ndani ya fungu "pomme d'orenge". Nyuma ya lugha za Ulaya kusini kuna Kiarabu, "nāranj". Nyuma ya Kiarabu kuna Kiajemi, "nārang", na nyuma yake Kisanskriti, "nāranga", yaani mti wenyewe. Wanaisimu wengi huona kwamba hata Kisanskriti kiliazima, kutoka lugha za Kidravidi za kusini mwa India.

Usiisahau safu ya maana, kwa sababu maneno ya matunda hayatulii. Katika Kimalayalam, moja ya lugha hizo za Kidravidi, "nāranga" leo humpeleka msikilizaji kwenye ndimu na limau.

Eleza herufi iliyopotea

Hapa ndipo wengi huteleza. Neno lilianza na N, sasa linaanza na O. N ilikwenda wapi?

Jibu linalosambaa ni kwamba Waingereza walisema "a norange", kisha wakakata vibaya ikawa "an orange". Kosa la aina hiyo lipo kweli katika Kiingereza: "apron" ilikuwa "napron", na "adder" ilikuwa "nadder". Lakini "orange" haimo. Neno lilipofika Uingereza N ilikuwa imekwishaanguka, huko Italia na Ufaransa. Kiitaliano kilisikia "una narancia" kikaishia na "un'arancia", kwa sababu N ya neno ilimezwa na N ya neno dogo linalolitangulia, "una", yaani moja.

Ukitaka kuthibitisha, tazama majirani. Kihispania kimebaki na "naranja", Kihungari "narancs". Kireno kina "laranja": N haikufa, imegeuka L. Mahali N ilipopotea, neno dogo la mbele lilikuwa na N yake, na hiyo ndiyo sababu inayotajwa sana.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Kiarabu "kitāb" hakina kiambishi "ki-", lakini sisi tulikisikia, tukapata "vitabu". "Kipilefti" ilitokana na maneno ya Kiingereza "keep left", na bado wingi wake ni "vipilefti". Sikio hukata neno pale lilipozoea kukata.

Limebaki suala la A kuwa O. Hapa kamusi nyingi huleta neno la Kifaransa "or", dhahabu: tunda linang'aa kama dhahabu, na matamshi yakavutwa huko. Mvuto huo huo unaonekana katika jina la kitaalamu la chungwa chungu, Citrus aurantium, lililofinyangwa kwa kufuata "aurum", dhahabu kwa Kilatini. Angalia tu usigeuze mvuto kuwa asili. Dhahabu ililipaka neno rangi; haikulizaa.

Hakikisha ni tunda lipi

Tunda lililobebwa na jina "nāranj" hadi Ulaya halikuwa lile tamu. Lilikuwa danzi, yaani chungwa chungu. Tamu lilienea Ulaya baadaye, karne za 15 na 16, na biashara ya Wareno ilikuwa na mkono mkubwa. Ndiyo maana lugha kadhaa zililiita kwa jina la Ureno: Kiarabu "burtuqāl", Kituruki "portakal", Kigiriki "portokali". Nyingine zikalihusisha na China: Kiholanzi "sinaasappel" ni tufaha la China, na Kirusi "apelsin" kimetoka njia hiyo hiyo.

Kwa mfasiri hili lina uzito. Ukikuta "nāranj" katika maandishi ya Kiarabu ya kale, andika danzi, si chungwa. Ukiandika chungwa utakuwa umemlisha mtu tunda tamu kabla halijafika kwake.

Rangi ilikuja baadaye

Swali la kipi kilitangulia lina jibu: tunda. Kiingereza cha kale kililazimika kuunganisha maneno, "geoluread", manjano-nyekundu. Matumizi ya "orange" kama jina la rangi yanaanza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 16, zaidi ya miaka 100 baada ya tunda kupata jina.

Msomaji wa nchi za joto anaweza kuuliza kwa haki: mbona machungwa mengi yaliyoiva ni ya kijani? Ganda hupoteza kijani chake usiku unapokuwa wa baridi. Pasipo baridi hiyo, tunda huiva ndani likabaki kijani nje. Jina la rangi lilizaliwa mahali palipo na baridi.

Orange yenye herufi kubwa

Mji wa Orange ulioko kusini mwa Ufaransa uliitwa Arausio zama za Warumi, jina la Kikelti lisilohusiana na tunda. Matamshi yalisagika kwa karne nyingi hadi yakagongana na "orange" ya tunda. Mwaka 1544 Willem wa Nassau alirithi utawala wa mji huo akiwa mtoto wa miaka 11, na baadaye akaongoza uasi wa Waholanzi dhidi ya Hispania. Kwa kuwa jina lilifanana na rangi, ukoo na wafuasi wake waliichukua rangi hiyo kuwa yao. Mji wenyewe uliingia mikononi mwa Ufaransa mwaka 1713, lakini jina halikuachwa.

Mto Orange wa kusini mwa Afrika hujaribiwa sana na maelezo ya maji ya tope. Achana nayo. Robert Jacob Gordon, afisa wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, aliupa jina hilo mwaka 1779 kwa heshima ya Willem wa Tano, mkuu wa ukoo huo.

Kwa hiyo unapofasiri, "Prince of Orange" ni Mwanamfalme wa Orange, kamwe si wa Chungwa.

Mitego miwili

Usidanganywe na mfanano. "Nārang" inaishia kama Kiajemi "rang", lililotupa "rangi", lakini mfanano huo si ushahidi wa undugu. Vivyo hivyo "ng" iliyomo ndani ya "chungwa" haitoshi kulifunga kwenye mnyororo huu. Undugu hudai sauti kadhaa zilingane kwa mpangilio, na njia ya kihistoria ya kulisafirisha neno.

Na ukisikia kwamba karoti zilifanywa za rangi ya chungwa ili kumtukuza Willem wa Nassau, weka alama ya kuuliza pembeni. Karoti hizo zilistawishwa kweli Uholanzi, ila habari ya kumtukuza mtu haina ushahidi wa wakati wake.