Kutazama ndege wahamaji mlangoni mwa Sabaki: anza na maji, darubini baadaye

Anayetaka nimpeleke Sabaki kutazama ndege huniuliza tuondoke saa ngapi, nami humuuliza mwezi leo ni wa ngapi. Wengine hudhani nawafanyia mzaha. Mimi nanunua samaki ufuoni Malindi na kuwatembeza mitaani. Riziki yangu inategemea maji kujaa na kupwa, na ndege hawa riziki yao ni hiyo hiyo.

Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi kisha Galana, unaingia baharini kilomita chache kaskazini ya mji wetu. Unakuja na tope jekundu la bara, lile linalogeuza rangi ya bahari wakati wa mvua hadi wageni wa hoteli wakanuna. Na wanune. Tope hilo limejaa minyoo, kaa wadogo na vidudu vya kila namna, na ndilo linalowaleta hapa ndege waliozaliwa Siberia.

Maji yakipwa, ndege hutawanyika kila mahali penye tope na mchanga mbichi, na hata ukiwa na darubini nzuri utaona madoa tu yanayotembea mbali. Maji yakijaa, sehemu zao za kulia zinafunikwa, wanasukumwa kidogo kidogo hadi wanabanana kwenye mafungu machache ya mchanga yaliyobaki makavu. Hapo ndipo pa kuwatazama. Kwa hiyo usiwafuate. Tangulia wewe kwenye mchanga, ukae, maji yakuletee.

Hesabu yake ni nyepesi kwa anayefuata mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Kwetu siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukauka karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukifika tarehe saba au nane, kujaa kumehamia saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hayo ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, mafungu mengi hayafunikwi, na ndege hawana sababu ya kukusanyika. Mimi huchagua siku ya pili au ya tatu ya mwezi, alasiri. Saa nane unakuwa umeshakaa, uso umeuelekeza baharini, jua liko nyuma yako na rangi zinaonekana. Asubuhi ukitazama baharini jua linakupiga machoni na kila ndege ni mweusi.

Ukishuka kwenye daraja la mto, tafuta mwenyeji wa kijijini akuongoze, na umlipe vizuri. Mto huu una viboko, una mamba pia, na njia ya mwaka jana huenda mwaka huu ni maji, kwa sababu mafungu huhama kila mvua kubwa inapopita. Beba maji ya kunywa, kofia, na kitu cha kukalia. Viatu vya kuvuta na tope havipatani.

Sasa kukaa. Watu wananiuliza kama leso yangu nyekundu haiwafukuzi ndege. Haiwafukuzi, kinachowafukuza ni mkono unaopungwa na mtu anayetembea moja kwa moja kuwaelekea. Kundi lina dalili zake. Kwanza waliolala wanatoa midomo kwenye mbawa. Kisha shingo zinanyooka, zote upande mmoja. Kisha wanaanza kutembea kukuondokea. Ukifika hapo simama, rudi hatua kadhaa, chuchumaa. Ukiendelea wataruka wote kwa pamoja, na wewe utapata picha moja ya mbawa zilizochezacheza.

Hili si suala la adabu tu. Chukua kitwitwi mmoja, yule mwenye mdomo mrefu mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini. Siku za kawaida ana uzito wa gramu 50 na ushei. Kuanzia Machi anakula mfululizo hadi apite gramu 80, na nyongeza yote hiyo ni mafuta ya safari ya kurudi Aktiki, kaskazini kabisa ya dunia. Kila anaporushwa na mbwa, na pikipiki inayopita ufuoni, au na mtazamaji asiye na subira, anachoma sehemu ya mafuta hayo. Na maji yakiwa yamejaa hana pa kwenda kuyarudisha mpaka yapwe tena. Wavuvi wetu, kusema kweli, wanawasumbua kidogo sana: wanapita kwa mwendo ule ule na ndege wamewazoea.

Majina ya vitabuni usiyahangaikie siku ya kwanza. Tazama mdomo na namna ya kula. Wako wenye mdomo mfupi na macho makubwa: wanakimbia, wanasimama ghafla, wanadonoa, wanakimbia tena. Hao wanawinda kwa macho. Wako wanaoingia majini hadi tumboni wakitumbukiza mdomo juu chini bila kutazama. Ncha ya mdomo wao ina hisia, inamtambua mnyoo ndani ya tope bila kumwona. Mmoja mdogo mweupe hufukuzana na wimbi, likirudi anashuka nalo, likija anakimbia. Mwingine mdomo wake umepinda kuelekea juu, miguu ya manjano, anakimbiza kaa akiwa ameinama utadhani ataanguka. Sululu huwezi kumkosa, mdomo wake mrefu umepinda chini. Wa aina mbili huja hapa; yule mdogo zaidi ana mistari kichwani na hupiga mluzi wa haraka haraka akiruka. Shakwe na buabua watakuwepo pia, na heroe mara nyingine, lakini hao hawahitaji maelekezo.

Nikirudi kwa yule kitwitwi wa mdomo uliopinda, kuna jambo moja ambalo lingenitosha hata nisingeona ndege mwingine. Wakubwa huanza kufika Agosti, baadhi yao bado wana mabaka mekundu kifuani, mabaki ya vazi la kuzalia. Vijana waliozaliwa mwaka huo hufika nyuma yao, Septemba na Oktoba, wamesafiri bila wazazi kuwaonyesha njia. Utamjua kijana kwa mgongo: kila unyoya una ukingo mweupe, na mgongo mzima unaonekana kama magamba ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Kifua chake kina rangi ya mchanga. Hesabu ndege mia, uone vijana ni wangapi. Miaka mingine ni wengi, miaka mingine hakuna kitu, na sababu yake haiko Malindi. Huko kaskazini ya Siberia kuna panya wadogo, lemingi, ambao idadi yao hupanda na kuanguka kila baada ya miaka michache. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki wanashiba kwa hao. Wakianguka, mbweha wanageukia mayai na makinda ya ndege hawa, na miezi mitatu baadaye wewe unakaa Sabaki unatafuta migongo ya magamba na huioni.

Aprili nenda tena. Wakubwa wamevaa wekundu wa matofali kuanzia usoni hadi tumboni, na mtu asiyejua ataapa kwamba ni ndege wengine. Mwanzo wa Mei wengi wameshaondoka. Baadhi ya vijana hubaki msimu mzima wa upepo wa kusi bila kwenda kokote, kwa hiyo usishangae kuwaona Juni.

Wakati huo huo wa kusi, watu wakisema ndege wamekwisha, wanakuja wengine kutoka kusini. Wanatoka Madagaska, wana mabawa marefu kama ya mbayuwayu na tumbo lenye rangi ya kahawia iliyoiva, nao hukaa makundi kwenye mchanga karibu na mto. Duniani si wengi, na Sabaki ni moja ya sehemu chache za kuwaona kwa makundi. Julai na Agosti ndiyo miezi yao.

Anayemtaka membe, yule mweupe mwenye koti jeusi mgongoni na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, aende kwenye hori ya Mida, upande wa Watamu. Kuna daraja la mbao kati ya mikoko, na kibanda cha kutazamia. Membe hutaga kwenye mashimo ya mchanga huko Somalia na pwani za Arabuni, yai moja tu, na mtoto wake huendelea kumlilia mzazi ampe chakula hata baada ya kufika kwetu.

Kuhesabu kundi, usianze moja, mbili, tatu. Hesabu kumi, acha macho yako yakariri ukubwa wa hao kumi, kisha sogea kumi kumi. Kundi likiwa kubwa, sogea mia mia. Kwa kundi mchanganyiko pata jumla kwanza, kisha chagua sampuli katikati na nyingine pembeni. Andika tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na kilichowarusha. Ukiwa na daftari la namna hiyo, jiunge na hesabu ya ndege wa maji ya kila Januari. Ya kimataifa ilianza 1967, na nchini huandaliwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Januari huchaguliwa kwa sababu ndege wametulia, hawako safarini.

Ukiona pete ya rangi mguuni, andika ni mguu upi wa ndege mwenyewe, si upande wako wewe. Andika kama iko juu au chini ya kifundo. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ndicho kifundo. Rangi zisome kuanzia juu kwenda chini, na kama kuna herufi au namba, piga picha kwa simu kupitia darubini. Wapelekee Makumbusho au shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya pale Watamu, ambao huwafunga ndege pete.