Kati ya Wangapi? Namna ya Kufanya Utafiti wa Nyumba kwa Nyumba Wakati wa Janga

Ugonjwa ukilipuka, mafuriko yakibomoa makazi au vurugu zikitimua watu, idadi hazikawii kutajwa. Mmoja anasema mia, mwingine elfu, jirani anasema "tumekwisha". Mimi kazi yangu ni kusimamia wadadisi wa kaya, na kila anayenitajia idadi namuuliza swali moja: kati ya wangapi? Vifo 20 katika kambi ya watu 2,000 na vifo 20 katika mji wa watu laki mbili ni habari mbili tofauti kabisa. Ninayoyaandika hapa ni kwa mwanafunzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwanakikundi aliyeambiwa "fanya utafiti kidogo" huku eneo lake likiwa limetaharuki.

Kabla ya kubisha hodi

Andika swali lako kwa sentensi moja. Kisha mwulize aliyekutuma: jibu likiwa hivi utafanya nini, na likiwa vile utafanya nini? Kama atafanya jambo lilelile kwa vyovyote vile, usiende. Mtu aliyefiwa juzi hana deni la kukupa saa nzima ya maisha yake ili ripoti yako inenepe.

Ukishapata swali, weka fasili ya mgonjwa. Iwe na vitu vinne: nani, wapi, tangu lini, na dalili zipi. Kwa mfano: "mkazi yeyote wa eneo hili aliyeharisha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, tangu tarehe 1 ya mwezi uliopita." Inaonekana kama urasimu, lakini bila hiyo mdadisi mmoja ataandika kila tumbo lililouma na mwenzake ataandika waliolazwa tu, kisha mtajumlisha vitu visivyojumlishika.

Halafu tengeneza orodha ya wagonjwa: umri, jinsia, anakoishi, siku dalili zilipoanza. Nasema siku dalili zilipoanza, maana rejista za vituo hurekodi siku mtu alipofika, na kati ya siku hizo mbili pana safari, dawa za nyumbani na kutafuta nauli. Chora kila mgonjwa kisanduku kimoja juu ya tarehe yake kwenye karatasi ya mirabaraba. Visanduku vikipanda ghafla na kushuka upesi, shuku chanzo kimoja kilichowapata wengi kwa pamoja. Vikija kwa mawimbi, kila wimbi likizidi lililotangulia, shuku kwamba watu wanaambukizana.

Kila mwanafunzi wa afya ya jamii anasimuliwa habari za daktari John Snow, aliyeonyesha kwamba mlipuko wa kipindupindu ulitokana na maji ya pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854, na wengi hukumbuka ramani yake ya vifo tu. Mimi navutiwa zaidi na namna alivyowafuata wasiofanana na wengine. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu hawakuugua vibaya. Walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali, Hampstead, alikufa kwa kipindupindu. Ikaonekana alikuwa akiletewa maji ya pampu ileile kwa sababu aliyapenda. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati mlipuko wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua. Kwa hiyo ukiwa na orodha yako, usitosheke na wagonjwa 50 wanaolingana. Mtafute aliyekunywa maji yale asiugue, na aliyeugua bila kuyanywa.

Nyumba zipi?

Hapa ndipo tafiti nyingi ndogo zinapoharibikia. Mdadisi akiachiwa achague, atakwenda kwenye nyumba zilizo kando ya barabara, zenye kivuli, zisizo na mbwa. Waliohamia juzi, wanaoishi bondeni na wapangaji wa chumba cha uani hawatamwona.

Kuna mbinu ya zamani ya kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha kalamu chini na kufuata inakoelekea. Ilienezwa na tafiti za chanjo za miaka mingi iliyopita, zile za vishada 30, yaani vikundi vya kaya jirani, vya watoto saba saba. Ni rahisi, lakini inapendelea nyumba za katikati, na katikati ndiko kwenye maji, kituo na viongozi. Kama eneo lina kaya mia chache, bora utembee siku nzima, uzipe zote namba, kisha uchague kwa bahati nasibu. Kama ni kubwa, ligawe vipande kwa kutumia picha za setilaiti, chagua vipande kwa bahati nasibu, kisha orodhesha kaya zilizomo.

Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni, kisha rudi kesho yake. Usichukue nyumba ya jirani kama mbadala kwa sababu tu kuna mtu barazani. Ukikuta nyumba tupu kabisa, waulize majirani: wamehama, au wamekwisha? Kaya iliyofariki yote haina wa kukujibu, na utafiti unaowahoji walio hai pekee hupunguza vifo bila mtu yeyote kudanganya.

Katika joto kali la Chicago la Julai 1995 walikufa watu zaidi ya 700 kuliko ilivyo kawaida kwa siku kama zile. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mtu wa namna hiyo hana wa kumtaja unapouliza "nani anaumwa hapa", kwa hiyo swali la nani anaishi peke yake waulize majirani na wenye nyumba. Na uone jinsi hesabu ile ilivyopatikana: vifo vyote vya siku zile vililinganishwa na vya siku za kawaida. Wewe pia, kama kuna rejista ya mazishi au ya vizazi na vifo, itafute ya miaka iliyopita kwa miezi ileile. Bila kipimo cha kawaida huwezi kusema hali si ya kawaida.

Mlangoni

Jitambulishe, sema nani amekutuma, itachukua muda gani, na kwamba anaweza kukataa bila kukosa msaada wowote. Hilo la mwisho lirudie. Watu walio kwenye janga huona kila mwenye karatasi na kalamu kama mgawaji wa misaada, na ridhaa ya mtu anayehofia kukatwa kwenye orodha ya chakula si ridhaa. Wala usiahidi kitu ili akubali. Utafiti wa Tuskegee huko Marekani, tangu 1932 hadi 1972, uliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila tiba, nao wakiamini wanatibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Kamati za maadili unazoziona kama usumbufu zimepata nguvu kutokana na mambo kama hayo.

Sasa namna ya kuuliza vifo. Ukiuliza moja kwa moja, "Kuna aliyefariki hapa?", mara nyingi utajibiwa hakuna, hasa kama aliyekufa ni kichanga. Anza na siku ambayo kila mtu anaikumbuka, ambayo umeichagua mapema kwenye kalenda ya matukio, kisha orodhesha watu wa nyumba mmoja mmoja. Mdadisi wangu mmoja mzuri huwa anafanya hivi:

"Mama, siku ile mvua kubwa ilipoanza, nani na nani walilala nyumba hii?"

"Mimi, baba watoto, wale wanne, na mama mkwe."

"Mama mkwe yupo?"

"Yupo, kaenda kwa binti yake."

"Na tangu siku ile, kuna aliyezaliwa hapa, hata kama hakukaa?"

Kimya. Anakunja ncha ya khanga, anaikunjua. "Alikuwepo. Siku tatu tu. Hatukumpa jina."

Mdadisi anasema pole, anaweka kalamu chini, anasubiri. Baadaye ndipo anaandika: amezaliwa mmoja, amefariki mmoja. Kama angeharakisha swali la tatu, nyumba hiyo ingeingia kwenye hesabu kama nyumba isiyo na msiba. Kimya cha namna hiyo usikijaze kwa maneno, na mfundishe hivyo kila unayemwajiri. Mdadisi mwenye haraka ni ghali kuliko asiyejua kusoma ramani.

Ukiuliza kuhusu ukatili

Hapa sibembelezi: kama huna mafunzo na huna mahali pa kumpeleka aliyeumizwa, acha. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya usalama kwa tafiti za ukatili dhidi ya wanawake mwaka 2001, na ndiyo iliyoongoza utafiti wake uliochapishwa 2005 baada ya kuhoji zaidi ya wanawake 24,000 katika nchi 10. Wengi walioeleza kupigwa na wenzi wao walikuwa hawajamwambia mtu mwingine kabla ya mdadisi.

Mambo ya lazima ni haya. Hoji mwanamke mmoja tu kwa kaya, ili mwingine asijue aliulizwa nini. Mhoji faragha, bila hata mtoto anayeweza kusimulia. Utafiti upewe jina lisiloshtua mtaani, kama "afya na maisha ya wanawake", ila mhojiwa mwenyewe aambiwe ukweli kabla ya maswali yale na kabla ya kukubali. Kuwe na dodoso la pili, la chanjo au la uzazi, na mtu akiingia chumbani mhamie hapo bila kupepesa. Namba za msaada ziwe kwenye kikaratasi kidogo kinachofichika, pamoja na huduma nyingine za kawaida, na apewe tu anayekitaka.

Kwa ukatili wa mitaani kuna njia nyepesi zaidi. Huko Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba majeruhi wengi wa mapigano waliofika hospitali hawakujulikana na polisi. Mpango uliozaliwa hapo unawataka wapokezi wa hospitali kuuliza mambo machache: ulipigiwa wapi hasa, saa ngapi, kwa silaha gani. Jina linaondolewa, kisha taarifa hizo zinapelekwa kwa wanaopanga doria na leseni za baa. Kama kituo chako cha afya kina rejista na karani makini, unaweza kuanza na hayo kabla ya kufikiria dodoso la kurasa 30.

Uvumi nao uandike

Wengi huuona uvumi kama takataka ya kufagia. Mimi humpa kila mdadisi ukurasa wa nyuma wa daftari auandike kama ulivyosemwa, tarehe na mahali. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, ulioua zaidi ya watu 11,000, watu waliwaficha wagonjwa wao. Ndugu alichukuliwa na gari, akafia nyuma ya uzio, akazikwa na watu waliofunikwa nyuso. Katika hali hiyo "wanawaua huko" si ujinga. Ni maelezo ya mtu aliyenyimwa maelezo mengine. Maiti ya mgonjwa wa Ebola huambukiza sana, kwa hiyo kuiosha na kuikumbatia kulikuwa hatari kweli. Lakini familia zilianza kukubali pale mwongozo wa mazishi ulipoongeza neno heshima kwenye usalama: ndugu waone, kiongozi wao wa dini aombe, kaburi lijulikane. Ukurasa wa nyuma wa daftari ungekuambia hayo mapema.

Hesabu yenyewe

Chukua vifo, gawanya kwa watu mara siku, zidisha kwa 10,000. Tuseme kaya zako zina watu 2,250, umeuliza siku 90 zilizopita, na vifo ni 27. Watu mara siku ni 202,500. Jibu ni takriban 1.3 kwa watu 10,000 kwa siku. Kwa kawaida kiwango cha 1 huhesabiwa kuwa dharura, na kwa watoto chini ya miaka mitano kiwango ni 2. Watoto wahesabu peke yao. Na kwa kuwa nyumba za kishada kimoja hufanana, upana wa makadirio yako, yaani umbali kati ya jibu la chini na la juu linalowezekana, ni mkubwa kuliko unavyodhani. Mwombe mtu wa takwimu akukokotolee, kisha uuandike kwenye sentensi ileile yenye jibu, usiufiche kiambatishoni.

Kuhusu grafu na rangi sina la kusema. Jedwali moja safi linatosha.

Baada ya kazi

Matokeo yarudishe kwanza kwa waliojibu, kwa lugha yao, kwenye mkutano ambapo wanaweza kukupinga. Mara nyingi watakueleza kwa nini mtaa fulani una namba ya ajabu.

Ramani nayo iangalie vizuri. Snow aliweza kuchora mistari ya vifo mbele ya kila mlango. Wewe ukiweka nukta za simu yako yenye GPS umewaonyesha watu nyumba yenye mgonjwa, na wakati wa taharuki nyumba kama hiyo hupigwa mawe. Jumlisha kwa mtaa, na pale idadi iko chini ya watano usiiandike. Orodha inayounganisha majina na namba za kaya iwekwe mbali na madodoso, kwa mtu mmoja mwenye nywila. Uhakiki ukiisha ichomwe, nakala zifutwe kwenye kila simu ya mdadisi, na wawili waweke saini kwamba wameshuhudia.