Jinsi ya Kuendesha Kikao cha Nidhamu kabla ya Kumwachisha Mtu Kazi: Mwongozo kwa Waajiri Wadogo wa Uganda

Mwenye duka, hoteli au karakana anaweza kushindwa kesi ya kazi akiwa na sababu nzuri kabisa, kwa kuwa alimfukuza mfanyakazi asubuhi na kuanza kutafuta karatasi jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamdai mwajiri mambo mawili: awe na sababu anayoweza kuithibitisha, na awe amemsikiliza mfanyakazi kabla ya kuamua. Aliyeruka kikao hudaiwa mshahara halisi wa wiki nne hata kama kosa lenyewe linaonekana wazi, mbali na fidia nyingine inayoweza kuamriwa. Kwa mfano wetu tumchukue mtunza stoo wa duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, ambaye katoni 12 za mafuta ya kupikia zimekosekana kwenye hesabu yake.

Hatua ya 1: Hakikisha unasoma sheria inayotumika

Toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na Sheria ya Ajira sasa ni Sura ya 226. Namba za vifungu zimesogea, kwa hiyo kile kifungu cha 66 kinachohusu kusikilizwa, ambacho waajiri wengi wamekizoea, sasa ni cha 65. Barua ya zamani inayonukuu namba ya zamani haikuangushi peke yake, lakini wakili wa upande wa pili ataifurahia. Vilevile usichanganye sheria na muswada: marekebisho ambayo Bunge liliyapitisha Mei 2023 yalirudishwa na Rais bila kutiwa saini, na bado nakutana na mikataba iliyoandikwa kana kwamba yalikuwa sheria tayari.

Hatua ya 2: Andika tarehe uliyolijua kosa

Siku hiyo ina uzito. Isipokuwa pawe na hali ya kipekee, mwajiri asiyetoa adhabu ndani ya siku 15 tangu alipofahamu kosa huhesabiwa kuwa ameiacha haki yake. Ukihitaji kuchunguza bila mhusika kuwapo, unaweza kumsimamisha kazi kwa nusu mshahara, kwa muda usiozidi wiki nne au mpaka uchunguzi uishe, lolote litakalotangulia. Kumwambia mtu akae nyumbani mpaka aitwe, bila barua wala malipo, hakumo katika sheria.

Hatua ya 3: Andika barua ya tuhuma

Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa, na ndiyo maana nashauri barua iandikwe kwa utulivu, si siku ileile ya hasira. Kwa mtunza stoo wetu ingesomeka hivi:

"Unatuhumiwa kwamba kati ya tarehe 3 na 7 Machi 2025, katoni 12 za mafuta ya kupikia zilitoka stoo bila hati ya kutolea mzigo, wakati funguo zikiwa mikononi mwako. Kikao cha kukusikiliza kitafanyika ofisini Ijumaa tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi. Una haki ya kuja na mtu unayemchagua mwenyewe, kuleta mashahidi, na kuwauliza maswali mashahidi wetu. Nakala za kurasa husika za daftari la stoo zimeambatanishwa."

Barua haisemi "umeiba", kwa kuwa neno hilo lingeonyesha kwamba uamuzi umeshafanyika na kikao ni cha kutimiza desturi tu. Inataja kitu, idadi, siku na mahali, ili anayetuhumiwa ajue anajibu nini. Sheria inataka apewe muda wa kutosha kujiandaa bila kutaja idadi ya siku; mimi sishuki chini ya siku tatu kamili za kazi, na huongeza iwapo nyaraka ni nyingi, kwa hiyo barua hii ingefaa kumfikia Jumatatu ya tarehe 10. Jambo jingine ambalo wengi hulipita ni lugha. Sheria inamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa, kwa hiyo kama mtunza stoo wako anaongea Kiswahili au Kiganda na Kiingereza kinampiga chenga, mfafanulie kwa lugha yake, na uandike kwamba ulifanya hivyo.

Hatua ya 4: Chagua watakaosikiliza

Katika biashara ndogo aliyegundua upungufu, shahidi mkuu na bosi huwa mtu mmoja, naye akiketi kama hakimu hakuna atakayeamini kwamba kikao kilikuwa cha haki. Mwombe mhasibu wako wa nje, mwenye biashara mwenzako au mtu mwingine asiyehusika aongoze kikao. Wewe toa ushahidi wako, ulizwe maswali, kisha utoke. Sijaona njia nafuu zaidi ya hii ya kujikinga.

Hatua ya 5: Sikiliza na uandike

Tuhuma zisomwe, mfanyakazi ajibu, mashahidi waulizwe na pande zote mbili, na aliyeandamana naye apewe nafasi ya kusema. Kumbukumbu zibebe maswali na majibu yenyewe. Sentensi kama "alishindwa kujitetea" haimsaidii mtu yeyote anayesoma faili baadaye. Kila mmoja atie sahihi, na akikataa, kukataa kwake kuandikwe.

Hatua ya 6: Toa uamuzi kwa barua nyingine

Barua hii itaje sababu iliyothibitika na utetezi uliozingatiwa. Kosa likiwa zito kiasi cha kuvunja msingi wa mkataba, unaweza kumfukuza bila notisi. Lisipofikia hapo na bado unaachana naye, notisi hufuata muda wa utumishi: wiki mbili kwa aliyezidisha miezi 6 bila kufika mwaka, mwezi mmoja kwa aliye kati ya mwaka 1 na 5, miezi miwili kati ya miaka 5 na 10, na miezi mitatu kwa aliyefikisha miaka 10.

Hatua ya 7: Lipa na ufunge faili

Mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua hulipwa ndani ya siku saba, hata kwa aliyefukuzwa. Akiomba cheti cha utumishi, mpe. Kagua pia michango ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), asilimia 10 ya mshahara kutoka kwako na 5 kutoka kwake, kwa sababu tangu marekebisho ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anawajibika, na malalamiko ya kufukuzwa mara nyingi huja yameambatana na hilo. Mfanyakazi ana miezi mitatu ya kwenda kwa afisa wa kazi, na kutoka hapo rufaa huenda Mahakama ya Viwanda, kwa hiyo barua zote mbili, uthibitisho wa kuzipokea, kumbukumbu za kikao na stakabadhi za malipo zikae katika faili moja ambalo mtu mwingine, si wewe peke yako, anajua lilipo.